Tamu Isiyo na Sukari

Glasi ikiwa bado mbali na mdomo, waridi limeshafika. Si waridi la bustanini. Ni lile la mrashi, wanalonyunyiziwa wageni kwenye harusi za mwambao mpaka viganja vikaloa. Nyuma yake inakuja harufu ya tunda lenye maji mengi, jamaa wa karibu wa shokishoki, kisha tangawizi kwa mbali. Mshika glasi anajiandaa kupokea sukari. Mate yameanza kumjaa kama mtoto aliyeona sinia ya halua. Anapiga funda dogo, analizungusha mdomoni, na uso unabadilika: sukari aliyoahidiwa na pua haipo, au imo kidogo tu, na mahali pake pamekaa uchungu mwepesi kama wa ganda la chungwa.

Huo ni mvinyo wa zabibu iitwayo Gewurztraminer, kutoka nyumba ya Trimbach katika mji wa Ribeauvillé, Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni neno la Kijerumani lenye maana ya viungo, vile vya jikoni. Wanakemia wamekwisha kuonyesha kwamba zabibu hiyo, waridi na tunda la lychee vina kijenzi kimoja cha harufu, ndiyo maana pua haichoki kuvitaja pamoja. Lakini kijenzi hicho si sukari. Kinanukia utamu, basi.

Kudanganyika namna hiyo si aibu ya mgeni peke yake. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Kifaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo huko Bordeaux. Wanafunzi walipewa mvinyo mweupe na mwekundu, wakaeleza harufu zake. Siku nyingine wakapewa tena ule mweupe, na pembeni yake ukawekwa uleule mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Uliotiwa rangi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ikiwa jicho linaweza kuipotosha pua ya msomi wa Bordeaux, si ajabu pua kuupotosha ulimi wa mtu aliyekaribishwa mezani kwa mara ya kwanza.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Pilau ni tamu, embe ni tamu, sauti ya mwimbaji ni tamu, na chai yenye vijiko vinne vya sukari ni tamu vilevile. Neno moja limebebeshwa ladha ya sukari pamoja na uzuri wa karibu kila kinachoingia mdomoni, kwa hiyo anayesema "mvinyo huu si mtamu" anaeleweka kana kwamba ameusema vibaya. Wauzaji hujaribu kupita pembeni kwa kuuita "mkavu", kama Wafaransa wanavyosema sec, na msikilizaji anabaki kujiuliza kimiminika kinakaukaje. Maneno bora yako jikoni na sokoni tangu zamani. Upo ugwadu, wa ukwaju na embe bichi, unaochuruzisha mate pembeni mwa ulimi. Upo ukakasi, wa bibo na ndizi mbichi, unaoukamata ufizi kana kwamba umepakwa chokaa. Mvinyo mwekundu huishi kwa ukakasi. Mvinyo mweupe wa Alsace unaishi kwa ugwadu, na anayetaka kulinganisha chupa za huko aanze na swali hilo: ugwadu upo kiasi gani, na umebeba nini mgongoni?

Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi mnunuzi wa chupa ya Alsace alikuwa kama mtu anayenunua tikiti maji bila kulipiga konzi. Lebo ilimtajia aina ya zabibu, mwenye nyumba na mwaka wa mavuno. Haikumwambia kama ndani mna gramu 2 za sukari kwa lita au gramu 40. Watu walifungua chupa ya kulia samaki wakakuta wameletewa kitindamlo. Ni kuanzia mavuno ya 2021 ndipo kanuni ilipowabana watengenezaji wa Alsace waandike kiwango kwenye lebo: sec ni hadi gramu 4 kwa lita (au hadi 9 iwapo asidi inatosha kuisawazisha), halafu demi-sec, moelleux, na mwisho doux, wenye gramu 45 na kuendelea.

Trimbach walikuwa wamelijibu swali hilo muda mrefu kabla ya kanuni. Nyumba hiyo huhesabu historia yake kutoka mwaka 1626, kwa Jean Trimbach, na sasa kizazi cha 13 kiko kazini. Jina lake lilivuka mipaka mwaka 1898, pale Frédéric Emile Trimbach alipotwaa tuzo ya juu kwenye maonyesho ya mvinyo huko Brussels. Wakati huo Ribeauvillé ilikuwa Ujerumani. Alsace ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1871, ikarudi Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikachukuliwa tena 1940, ikarudi tena vita vya pili vilipokwisha. Aliyezaliwa hapo mwaka 1870 akajaliwa kufika miaka 75 alibadilishiwa taifa mara nne bila kuhama nyumba. Ndiyo maana chupa ni nyembamba na ndefu kama za ng'ambo ya mto Rhine, majina ya ukoo ni ya Kijerumani, majina ya ubatizo ni ya Kifaransa, na mezani kuna kabichi iliyochachushwa.

Mtindo wa nyumba unaelezeka kwa maneno machache. Zabibu hukamuliwa taratibu, hamira huachiwa ile sukari mpaka iishe au ikaribie kuisha, na asidi hailainishwi. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Sehemu nyingi duniani mvinyo hupitishwa kwenye uchachukaji wa pili, ambapo bakteria hugeuza asidi kali ya tufaha kuwa asidi laini ya maziwa. Kwa mvinyo wa Trimbach wa zabibu ya Riesling mlango huo hufungwa. Ugwadu unabaki na makali yake. Kisha mvinyo hutiwa chupani mapema na kulazwa gizani chini ya ardhi, chupa za daraja la juu kwa miaka mitano au zaidi kabla ya kutolewa sokoni. Mfanyabiashara anayekaa na mzigo wake kwa miaka hiyo yote ni tajiri au ni mkaidi. Trimbach, kwa kadiri chupa zinavyosema, ni vyote viwili.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana njia ya mkato ya kuielewa ardhi yenyewe, kwa sababu Alsace iko kwenye bonde la ufa. Milima ya Vosges upande wa magharibi na ile ya Black Forest ng'ambo ya mto ilikuwa kitu kimoja. Mamilioni ya miaka iliyopita ardhi ikavutika, ikapasuka, sehemu ya kati ikadidimia, na Rhine sasa unapita humo, kama vile ukingo wa ufa unavyosimama wima juu ya Ziwa Manyara. Mizabibu imepandwa kwenye ukingo huo, na ukingo ulipovunjika ulivunjika vipande vipande: hapa matale, pale chokaa, hatua mia mbili mbele mchanga mwekundu au udongo wa mfinyanzi. Milima nayo huzuia mawingu yanayotoka Atlantiki. Mji wa Colmar, nyuma ya ukuta huo, ni miongoni mwa miji yenye mvua chache kabisa nchini Ufaransa.

Basi meza ya kulinganisha ipangwe hivi: zabibu moja, Riesling, nyumba moja, Trimbach, glasi tatu. Mvinyo uwe na ubaridi wa nyuzi 10 au 12 hivi, si wa friji iliyokaza, kwa sababu baridi kali hufunga harufu kama mafua yafungavyo pua. Kuwe na maji, mkate usio na mbwembwe, na ndoo ya kutemea. Ndoo hiyo huwashangaza wengi. Mwonjaji wa kazi huzungusha funda mdomoni, huvuta hewa juu yake kwa mlio wa mtu anayekunywa chai ya moto, kisha hutema. Anaweza kupita kwenye chupa 50 asubuhi moja na adhuhuri akaendesha gari.

Glasi ya kwanza ni Riesling ya kawaida, yenye lebo ya njano inayotambulika kutoka mbali. Zabibu zake ni mchanganyiko, nyingine zikinunuliwa kutoka kwa wakulima wenye mkataba na nyumba. Inanukia ndimu na tufaha la kijani, inapita ulimini moja kwa moja, inaacha kitu kinachofanana na chumvi, inaondoka. Haina maringo. Kwa samaki wa kuchoma inafanya kazi ileile ambayo kipande cha ndimu kimekuwa kikifanya siku zote, na wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Ya pili ni Cuvée Frédéric Emile, iliyopewa jina la yule mshindi wa Brussels. Zabibu zake zinatoka kwenye miteremko miwili, Geisberg na Osterberg, inayopanda nyuma tu ya jengo la nyumba hiyo, penye udongo wa chokaa uliochanganyika na mfinyanzi. Hapa ndimu imeiva hadi kuwa ya rangi ya dhahabu. Kuna pichi, kuna moshi mwembamba. Tofauti kubwa haimo katika harufu bali katika urefu: ile ya kwanza ilitoweka baada ya sekunde chache, hii mwonjaji ameshaweka glasi mezani, ameshamega mkate, na bado iko mdomoni.

Ya tatu ni Clos Sainte Hune.

Shamba lake liko kijiji cha jirani, Hunawihr, chenye kanisa lililozungushiwa ukuta kama ngome. Lina hekta 1.67, yaani ekari nne na ushee. Viwanja viwili vya mpira vingelienea karibu lote. Jina hilo lilianza kuandikwa kwenye chupa kwa mavuno ya 1919. Katika mwaka wa kawaida hutoka chupa zisizofika 10,000 kwa dunia nzima, na moja huuzwa kwa bei inayozidi mara kumi ile ya lebo ya njano. Mtu angetarajia kwamba kwa fedha hizo harufu itamrukia. Wapi! Clos Sainte Hune changa ni bahili. Pua inapewa mawe yaliyonyeshewa mvua na tone la ndimu, na ulimi unapewa ugwadu ulionyooka kama kamba ya timazi. Wako walioifungua mapema wakadhani wameibiwa.

Inachohitaji ni miaka, na miaka inaleta jambo ambalo Waswahili wanaweza kulieleza vizuri kuliko Waingereza. Riesling iliyozeeka hunuka mafuta ya taa. Waingereza husema petroli, lakini si petroli. Ni mafuta ya taa, yale ya kibatari, ile harufu inayobaki vidoleni baada ya kupunguza utambi. Mtu aliyesomea mtihani kwa mwanga wa koroboi ataitambua kabla ya kuambiwa. Inatokana na kijenzi ambacho wanasayansi hukiita kwa kifupi TDN, kinachozalishwa kidogo kidogo chupani kutoka kwenye rangi asilia za ganda la zabibu, zilezile za kundi la rangi ya karoti. Zabibu iliyopigwa sana na jua huwa na akiba kubwa zaidi ya malighafi hiyo. Ikitokea mapema na kwa nguvu, watengenezaji wengi huihesabu kuwa kasoro. Ikitokea baada ya miaka 15, ikiwa imezungukwa na asali, ndimu iliyokaushwa na uyoga, watu hulipa fedha nyingi kuinusa. Na asali hiyo pia ni ya puani tu. Ulimi ukienda kuitafuta sukari unakuta mlango umefungwa kama siku ya kwanza.

Hayo mawe yaliyonyeshewa nayo yana maneno yake. Wapenzi wa mvinyo husema wanaonja chokaa ya Hunawihr, kana kwamba mzizi umelamba jiwe na kupandisha ladha mpaka kwenye kizibo. Mwanajiolojia Alex Maltman wa Wales ametumia miaka mingi kuwaeleza kwamba mambo hayaendi hivyo: mawe hayana ladha inayoweza kupanda mzabibu, na madini ambayo mmea hunyonya ni machache mno kuonjeka. Udongo hufanya kazi kwa njia nyingine, kwa kushika maji au kuyapitisha, kwa kutunza joto, kwa kuuruhusu mzizi kushuka. Hoja yake ni nzito. Hata hivyo glasi tatu zipo mezani, zabibu ni moja, mikono ni ileile, na hakuna mwenye ulimi atakayesema ni mvinyo mmoja.

Kuhusu ardhi Trimbach walikuwa na ugomvi mwingine, safari hii na mfumo. Alsace ilianza kuweka daraja la Grand Cru mwaka 1975, na leo yapo maeneo 51. Clos Sainte Hune imo ndani ya mojawapo, Rosacker, lakini jina Rosacker halikuandikwa kwenye lebo yake. Kwa familia, mipaka ilichorwa kwa ukarimu uliopitiliza: Rosacker ina hekta 26 hivi, na si zote zinastahili kusimama safu moja na zile 1.67. Walisimama hapo kwa miongo kadhaa. Kisha wakapata kulima shamba la masista wa utawa wa Ribeauvillé kwenye mteremko wa Geisberg, na Riesling ya mavuno ya 2009 kutoka shamba hilo ikatoka na maneno Grand Cru kwenye lebo ya Trimbach. Wachunguzi wa mambo ya mvinyo walilishangaa hilo kuliko walivyoushangaa mvinyo wenyewe.

Kulinganisha nyumba na nafsi yake hakutoshi, lakini. Upande wa kusini, mwendo mfupi wa gari, uko mji wa Turckheim, na humo wako Zind-Humbrecht, ambao jibu lao kwa swali la sukari ni tofauti kabisa. Olivier Humbrecht, Mfaransa wa kwanza kupata shahada ya Master of Wine, mwaka 1989, huchuma zabibu zikiwa zimeiva sawasawa na kuziacha zichachuke polepole kwenye mapipa makubwa ya zamani. Hamira huamua yenyewe isimame wapi. Mwaka mmoja inamaliza kila kitu. Mwaka mwingine inachoka njiani na kuacha utamu. Badala ya kulazimisha, Humbrecht alianza na mavuno ya 2001 kuandika tarakimu kwenye lebo, kuanzia 1 kwa mvinyo usio na utamu mdomoni hadi 5 kwa ule wa kitindamlo. Alifanya hivyo miaka 20 kabla ya kanuni. Tena kipimo chake hakihesabu gramu. Kinahesabu unavyojisikia mdomoni, jambo lenye akili zaidi, maana gramu 10 zikibebwa na ugwadu mwingi hazionekani, na zikikosa wa kuzibeba hulala ulimini kama sharubati.

Shamba lake maarufu ni Rangen, huko Thann, kusini kabisa mwa Alsace, kwenye mwamba wa volkano wenye mteremko ambao mbuzi angeufikiria mara mbili. Riesling ya Rangen ikiwekwa kando ya Frédéric Emile ni kama kuweka msondo kando ya zeze. Ina moshi, ina mafuta, ina uzito. Inajaza mdomo wote na haiombi radhi. Kwa Riesling, mizani ya sura hii inaelemea Ribeauvillé: zabibu yenye ugwadu mzuri namna ile inapendeza ikiachwa wazi. Kwa Pinot Gris na Gewurztraminer inaelemea Turckheim, kwa sababu zabibu hizo zina ugwadu mdogo na unene wa asili, na ukizinyima utamu wote huweza kubaki na pombe na uchungu. Atakayebisha hakosi hoja, wala hakosi wenzake.

Miaka nayo huyumbisha mizani. Mavuno ya 2010 yalikuwa machache na yenye ugwadu wa kukunja uso. 2003 ulikuwa mwaka wa joto kali lililoitesa Ulaya nzima, na ugwadu ukapungua mizabibuni. Siku hizi Septemba imekuwa kawaida kwa mavuno ambayo mababu waliyangoja hadi Oktoba. Kwa nyumba iliyojengwa juu ya ukali wa ndimu, hilo si jambo dogo.

Juu ya mapaa ya Hunawihr korongo weupe hujenga viota vikubwa kama matenga. Miaka ya 1970 walikaribia kutoweka Alsace, wakarudishwa kwa kufugwa na kuachiwa. Wanaopenda kusema kwamba ndio hao hao wanaoonekana Serengeti wamekosea kidogo: korongo wa Alsace hupitia Hispania na kushukia Afrika Magharibi, wanaofika kwetu hutoka Ulaya ya mashariki.

Mezani glasi zimeanza kupata joto, na ndoo imepata uzito. Sasa huletwa jibini la Munster, la milima ya Vosges, pamoja na kisahani cha mbegu ambazo mpishi wa Unguja angezidhania bizari nyembamba. Ni jamaa yake tu. Jibini hilo lina ganda la rangi ya chungwa linalonata, na uvundo wake umeshafika kabla ya sahani, kama waridi lilivyofika kabla ya glasi. Mgeni anarudi nyuma kidogo kwenye kiti. Mwenyeji anamkatia kipande, ananyunyiza mbegu, anamsogezea tena ile Gewurztraminer ya mwanzo. Ulimini jibini ni laini, la maziwa, lenye chumvi ya wastani. Mgeni anatafuna taratibu, anapiga funda, na safari hii haitafuti ndoo.